Asiye na Mwenendo

1

Basi la saa mbili asubuhi liliwapita bila kupunguza mwendo. Editruda aliliona tangu linakata kona ya msitu wa mbao, jeupe, halina dereva wala abiria, akasimama katikati ya kituo, mkono mmoja juu na mwingine umeshika usukani wa baiskeli. Basi likakipima kituo kama lilivyofundishwa, halikuona mtu wa kumchukua, likawarushia tope likaenda zake. Nyuma ya baiskeli, juu ya keria, mumewe Polikarpo alikuwa amefungwa kwa khanga mbili asianguke. Paji la uso lake lilikuwa limeegemea tandiko, na mguu wake wa kulia ulining'inia mnene kama si wake.

Alijua litapita. Mabasi yalikuwa yakimpita kwa miaka kumi na moja, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Akafuta tope usoni kwa mkono wa koti, akaanza kusukuma. Zahanati ya Lyavungu ilikuwa nyuma ya mlima mmoja, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye mzigo.

Saa kumi na mbili asubuhi hiyo Polikarpo alikuwa bondeni akichonga ncha za mianzi ili ulanzi, pombe ya mianzi, utiririke vizuri kwenye mbeta, vile vikombe vya mwanzi wanavyotega wagema. Msimu wa mvua mgema huchonga asubuhi na jioni, na mwenye mianzi mingi hatazami chini kila hatua. Nyoka kifutu naye hapishi njia. Hulala palepale kwenye majani makavu akingoja akanyagwe. Alimgonga juu kidogo ya kifundo cha mguu. Sumu ya kifutu haina haraka kama ya koboko, na ubaya wake ndio huo, inakupa saa nyingi za kuhangaika huku ukiiona inavyopanda.

Alipokuwa akisukuma, Editruda alimkumbuka baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu wamzike alimkasirikia.

Siku sarafu na noti zilipozimwa, waandikishaji walifika bondeni na lori la ndoo. Kila mtu mzima alitakiwa akope ndoo moja, akae nayo mwezi mmoja, kisha airudishe. Basi, hapo angekuwa ameanza Mwenendo wake. Kuanzia siku hiyo kila kununua kungekuwa kukopa mpaka mwisho wa mwezi, na Mwenendo ungekumbuka nani alirudisha, lini, na kwa moyo gani. Haukujali mtu ana nini. Uliuliza tu amewahi kuaminiwa na nani. Watu walicheka, wakakopa ndoo, wakarudisha ndoo. Mzee Kihwele, baba yake Editruda, peke yake ndiye aliyeuliza, "Ndoo ninazo tatu. Ya nne naikopea nini?" Akawatajia waandikishaji maneno aliyowalea nayo watoto wake, kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, akawakaribisha ulanzi, akawasindikiza. Editruda alisimama na baba yake. Polikarpo, ambaye siku hiyo alikuwa na homa, alipoamka alimuunga mkono mkwewe kwa heshima. Lori halikurudi tena. Na huo Mwenendo una kichekesho chake: ili ukopeshwe mara ya kwanza, sharti uwe umewahi kukopeshwa.

Tangu hapo wale wawili waliishi pembeni ya dunia wakiwa katikati yake. Waliwapa majirani ulanzi, majirani wakawanunulia chumvi na sabuni. Bomba la kijiji halikuwafungukia, wakachota mtoni. Mungu hakuwajalia mtoto, kwa hiyo hapakuwa na ada ya shule ya kuwaumbua. Walizoea, na Editruda alikuwa na kiburi kidogo kwa hilo, kile cha mtu asiyedaiwa hata sindano. Asubuhi hii kiburi hicho kilikuwa kizito kuliko baiskeli.

"Trude," alisema Polikarpo nyuma yake. "Nimechoka."

Alimwambia achoke akiwa kimya, kwa sababu yeye ndiye anayesukuma.

2

Mlango wa zahanati ulifunguka wenyewe. Sheria ilisema mgonjwa yeyote apokelewe, apewe kitanda, asafishwe jeraha na kupewa maji ya kunywa. Ilikuwa na huruma hadi kwenye kabati la dawa, na hapo ndipo ilipoishia.

Desideri Gama, tabibu na mtunza kabati, alikuwa mezani akinywa chai. Alikuwa Mngoni wa Songea, mtu wa miaka hamsini na tano, mwenye tumbo dogo na sauti kubwa, na Editruda alikuwa Mhehe, makabila yenye utani tangu vita vya mababu zao. Hivyo tangu utotoni, baba zao walipokuwa wakifanya kazi pamoja barabarani, hawakuwahi kusalimiana kwa adabu hata mara moja.

"Umekimbia vita gani tena, Mhehe, mpaka umembeba na mume?"

Siku nyingine angemjibu kwamba anamkimbiza Mngoni mmoja aliyeiba kuku. Safari hii alisema, "Kifutu. Tangu saa kumi na mbili," na Gama akaweka kikombe chini.

Walimlaza Polikarpo. Gama akauosha mguu, akaulaza usawa wa moyo, akachukua kalamu ya wino na kuchora mstari pale uvimbe ulipofikia, vidole vinne chini ya goti. Pembeni yake akaandika saa: 3:10. Ngozi chini ya mstari ilikuwa inang'aa, na damu nyepesi ilikuwa ikivuja kwenye alama mbili za meno bila dalili ya kuganda. Gama alizitazama alama hizo kwa muda mrefu kuliko Editruda alivyopenda.

Dawa ilikuwapo. Hilo ndilo Editruda hakuweza kulisahau baadaye. Kabati la baridi lilikuwa ukutani, mlango wake wa kioo, na ndani, rafu ya pili, vichupa vinne vya dawa ya sumu ya nyoka vimesimama safi. Viwili vilikuwa dozi ya kwanza, viwili vya kupewa baada ya saa sita. Gama aliuchukua mkono wa Polikarpo, akasogeza kitanda, akakiweka kiganja chake kwenye kibao kilicho chini ya kioo.

"Karibu," kilisema kibao kwa sauti ya binti aliyelelewa vizuri. "Mwenendo wako haupo. Huduma hii haipatikani kwa sasa."

Editruda akaweka chake. Akakaribishwa vilevile, akanyimwa vilevile.

Alimuuliza Gama kama kuna namna nyingine, na Gama akampa zote moja baada ya nyingine, haraka, akiwa anamfunga Polikarpo mpira wa maji ya mshipani. Jirani mwenye Mwenendo angeweza kumdhamini, lakini dhamana huchunguzwa siku tatu. Ndege ndogo ya hospitali ya mkoa ingeweza kumchukua, lakini nayo huuliza swali lilelile kabla ya kuruka. Alikwisha kuiita hata hivyo, na ilikwisha kukataa. Kuvunja kioo ilikuwa kazi bure, maana kabati likivunjwa hujipasha moto na kuua kila dawa iliyomo.

"Na wewe?" alisema Editruda. "Wewe una Mwenendo mzuri kuliko padri."

Gama alikuwa anangojea swali hilo. "Mtunza kabati haruhusiwi kumkopea mgonjwa wa kituo chake. Nikiweka mkono kwa hiari yangu, kabati litafunguka, halafu dakika hiyohiyo wananivua funguo. Mtunza mwingine hafiki kabla ya Ijumaa. Dozi ya kwanza mumeo ataipata, na dozi iliyoanza sheria inaruhusu mtunza aimalize, lakini mtunza hatakuwapo. Ya pili ataitazama kwenye kioo kama unavyoitazama wewe sasa. Na hii sumu, ukiitibu nusu, inarudi."

Alipiga magoti, akachora mstari wa pili. Ulikuwa kwenye goti. Saa 3:40.

3

Ni Gama aliyekumbuka ushahidi wa mdomo. Ilikuwa kanuni ya siku za mwanzo, iliyowekwa kwa ajili ya wazee waliokosa ndoo, na haikuwa imetumika Lyavungu kwa miaka. Watu wawili walikaa mbele ya kioo cha Mwenendo, skrini inayosikia na kuandika, wakaeleza vitu vilivyowahi kupita kati yao. Hiki kilitoka kwa huyu kikaenda kwa yule, kile kikarudi. Kama hesabu ilikaa sawa, asiye na Mwenendo alipewa Mwenendo wa awali papo hapo.

"Vitu vimepita kati yetu au havijapita?" alisema Gama.

Vilikuwa vimepita vya kutosha. Walivuta viti viwili mbele ya kioo. Sauti ya binti iliwashukuru kwa kufika, ikamwomba Editruda aanze na kitu cha karibuni.

Editruda hakujua aseme nini, lakini kioo kilimtangulia. "Koti unalolivaa limesajiliwa kwa jina la Desideri Gama," kilisema. "Ulilikopa lini?"

"Sikulikopa. Nililichukua."

"Lilichukuliwa bila ridhaa?"

Gama aliingilia kati akaeleza, na kwa mtu aliyezoea kupiga kelele alieleza kwa upole sana. Miaka mitatu iliyopita alimzika mama yake. Editruda, kama mtani, alilala kifudifudi kwenye njia ya kaburini akakataa kupisha jeneza mpaka apewe kitu. Akapewa shilingi za karatasi za kuchezea watoto, akazitupa. Akamvua Gama koti mwilini mbele ya waombolezaji wote, akalivaa, na ndipo maiti akapita. Ndivyo inavyofanywa. Watu walicheka wakiwa na machozi, na Gama mwenyewe, ambaye tangu usiku hakuwa amesema neno, alicheka. Yeye naye, mzee Kihwele alipofariki kabla ya hapo, alikuja matangani amevaa kofia ya marehemu, akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu, akawauliza waombolezaji ndoo ya nne wanailia nini. Akaondoka na kofia na debe zima la ulanzi. Hakuna aliyemzuia. Mali ya mtani huchukuliwa, na mwenye mali hana ruhusa ya kununa.

Kioo kilisikiliza chote hicho. Kisha kikaanza kuandika, na wote wawili wakaona maneno yakipanda mstari kwa mstari. *Debe la ulanzi na kofia: mkopo wa Gama kutoka kwa Kihwele. Koti: malipo ya Gama kwa Kihwele. Yamekamilika.* Chini yake, kwa rangi ya kijani, kiliandika kwamba Mwenendo wa awali wa Editruda Kihwele unatosha.

Editruda aligeuka kulitazama kabati. Alishaanza kuinuka.

"Swali la mwisho kabla sijathibitisha," ilisema sauti. "Je, kuchukuliana huku kunafanywa na kaya nyingine za bonde hili?"

Gama aliweka mkono mezani. Editruda alimtazama usoni akamwona anavyopoteza rangi, akageuka kukitazama kioo tena. Pembeni kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na hesabu iliyokuwa ikingoja. Kaya mia nne na kumi na mbili. Matukio elfu sita na mia tatu.

Alimwambia Gama amweleze upesi, na Gama akamweleza. Mwenendo hujifunza. Ukikubali neno kwa mtu mmoja, linakuwa kanuni kwa wote. Misiba yote ya miaka kumi na moja ilikuwa imepigwa picha na taa za barabarani, kila mbuzi aliyeswagwa na mtani, kila sufuria iliyobebwa, na mpaka leo Mwenendo haukujua uyaite nini mambo hayo, ukayaweka kando. Editruda akisema ndiyo, utayaita mikopo. Katika kila nyumba mbili za watani, ile iliyochukua mara ya mwisho itakuwa inadaiwa, na itakuwa imechelewa kwa miaka.

"Na nikisema hapana?"

"Mwenendo unazo picha. Utajua umeongopa, na ushahidi wote unafutwa."

Ni swali dogo sana kumtenganisha mtu na mumewe. Editruda alimfikiria jirani yake Skolastika, aliyeswaga beberu wa Mngoni mmoja mwaka juzi, akamchinja siku hiyohiyo, akagawa nyama kijiji kizima. Kila Jumatatu Skolastika huja kwenye kabati hilihili kuchukua sindano zake za sukari. Akiwa mdaiwa wa beberu, Jumatatu ijayo kibao kitamkaribisha vizuri na kumnyima. Na kama Skolastika, wangapi? Na baada ya hapo, nani angethubutu kumvua mtani koti msibani? Watu wangezika kimyakimya, kila mmoja ameshika kilicho chake.

Polikarpo alikohoa kitandani. Alikuwa amegeuza uso kuwatazama, na fizi zake zilikuwa na damu. Hakujua wanazungumza nini. Alimwonyesha mkewe kidole gumba, kama anavyofanya akiwa bondeni na mbeta zimejaa.

Editruda alimpenda mtu huyo kwa miaka ishirini na sita na hakuwa na mwingine. Mtu yeyote angesema ndiyo na kumwachia Mungu Jumatatu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na alilihisi ulimini.

"Futa," alisema.

"Tafadhali thibitisha. Ufute ushahidi wote?"

"Futa wote."

Kioo kikawa cheupe. Gama aliinuka. Alikwenda kitandani na kalamu yake, akachora mstari wa tatu juu ya goti, na safari hii hakuandika saa.

4

Editruda alisimama katikati ya chumba, na akili yake, badala ya kulia, ilikuwa inafanya kazi kwa kasi ya ajabu. Ni kweli hakuwa na kitu. Lakini hakuwahi kuwa na kitu, na hakuwahi kupungukiwa, kwa sababu kila alipopungukiwa alichukua kwa mtani. Mngoni huyu alikuwa na nini? Alikuwa na kikombe cha chai, viatu, saa ya mkononi. Alikuwa na mkono.

Gama alikuwa amesimama karibu na kabati, anabadilisha chupa ya maji. Editruda alimfikia kwa hatua tatu. Alikamata kifundo cha mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili, mikono ya mtu aliyepinda mianzi tangu utotoni, akauvuta na kuukandamiza kwenye kibao.

Baadaye alijiuliza mara nyingi kama mkono ule ulipinga. Ulikuwa mzito, ndiyo. Kwamba ulipinga, hilo hawezi kuapa.

Kabati lilifunguka kwa mlio mdogo, na baridi ikamgusa usoni. Trei ikasogeza mbele vichupa viwili. Gama, ambaye mikono yake ilijua kazi kuliko kichwa chake, alivichukua na kuanza kuvichanganya kwenye chupa ya maji kabla hata hajageuka kumtazama. Matone yalianza kushuka kwenye mpira. Editruda aliyahesabu mpaka matano.

"Mtunza kabati," ilisema sauti, "mkono wako umesukumwa. Je, uliridhia, au umeibiwa? Una dakika moja ya kujibu."

Gama alikuwa ameshika shingo ya chupa, macho yake kwenye matone.

"Sema umeibiwa," alisema Editruda.

"Unajua mwizi wa dawa anafanywa nini? Si kukosa basi tu, Trude. Hutaingia nyumba yoyote ya serikali. Hata kaburini kwako watauliza."

"Ukisema uliridhia wanachukua funguo. Dozi ya pili itatoka vipi?"

Sauti ilisema zimebaki sekunde arobaini.

"Unaniita mwizi tangu nina miaka saba," alisema Editruda. "Leo umeshindwa nini?"

"Nilikuwa nakutania."

"Sema, Mngoni. Mume wangu anakufa."

Gama aliinua macho kutoka kwenye matone. Alimtazama Polikarpo, akamtazama yeye, na Editruda akaona machozi yanamlenga mtu huyu ambaye hata siku ya mama yake alilia kwa kificho. Sekunde kumi na tano. Alimtikisia kichwa, kama mtu anavyomhimiza mtoto ameze dawa chungu.

"Nimeibiwa," alisema Gama.

"Na nani? Taja jina kamili."

"Na Editruda Kihwele."

"Asante. Pole kwa usumbufu."

Kioo cha Mwenendo, kilichokuwa cheupe, kiliwaka. Juu yake palikuwa na jina lake lote, na uso wake uliopigwa picha dakika hiyo, nywele zimejaa tope. Chini yake palikuwa na mstari mmoja, tarehe ya leo na neno moja jekundu. Sauti ilimjulisha kwa adabu ileile kwamba Mwenendo wake umefunguliwa rasmi. Baada ya miaka kumi na moja alikuwa amepatikana. Kisha ikamwomba aondoke ndani ya eneo la zahanati, kwa kuwa kabati halitafunguliwa tena kwa mtu yeyote wakati mwizi wa dawa yumo.

Aliinama akamfuta Polikarpo damu mdomoni kwa ncha ya khanga. Polikarpo alimuuliza anakwenda wapi. Alimwambia anakwenda kuangalia baiskeli.

5

Alikaa nje ya uzio, juu ya jiwe, tangu saa nne mpaka jua likaanza kuelekea magharibi. Mvua ilinyesha ikakatika. Wagonjwa waliingia na kutoka, na geti, ambalo asubuhi lilimfungukia kama mtu yeyote, sasa lilipiga mlio kila alipotikisika. Waliosikia mlio huo walimzunguka kwa mbali. Mama mmoja aliyemfahamu, mnunuzi wake wa ulanzi, alimsalimia kwa macho tu akaharakisha.

Hapakuwa na dirisha upande huo. Hakuweza kujua mstari wa nne umechorwa wapi, wala kama ulihitajika kuchorwa. Alisali rozari bila rozari, akahesabu kwa vidole. Mara mbili aliyajutia yale aliyoyafuta kwenye kioo, akajiona mpumbavu aliyemweka mumewe rehani kwa ajili ya beberu aliyekwisha kuliwa. Kisha alimwona Skolastika akilini mwake, mkono kwenye kibao, akajuta tena, lakini kidogo. Saa kumi ilipopita, saa ya dozi ya pili, alisimama na kuukaribia uzio mpaka geti likaanza kulia, akarudi nyuma.

Gama alitoka saa kumi na moja. Alivuka ua polepole, amevaa koti jeupe la kazi lililofungwa vifungo vyote, akasimama hatua tatu kutoka kwenye uzio. Juu ya geti palikuwa na jicho la kioo, nalo likageuka kumtazama yeye, kisha mwanamke, kisha wote wawili.

"Bi Editruda Kihwele," alisema. "Mgonjwa amepata dozi ya pili saa kumi kamili. Uvimbe umesimama. Damu imeanza kuganda. Ataishi, ingawa vidole viwili vya mguu sina uhakika navyo."

Editruda alishika uzio, akalia. Alilia kwa sauti, bila aibu, kama mtu aliyekuwa amebeba maji kichwani siku nzima akaambiwa ayatue. Vidole viwili si kitu. Mgema hachongi mianzi kwa vidole vya miguu. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na Gama, kisha akajifuta uso na kungoja.

Alingoja yale mengine. Sasa ndipo Mngoni angemwambia kwamba hata nyoka wa Uhehe ni waoga, wanagonga na kujificha. Angemwambia analia kama babu yake alivyolia. Gama alisimama palepale, mikono nyuma.

"Mbona ulitetemeka vile pale kabatini?" alimchokoza Editruda, na sauti yake ilikuwa bado na machozi. "Nilidhani umeona jeshi la babu yangu linakuja."

Gama aliinua macho kidogo kwenye lile jicho la juu ya geti, akayashusha. Editruda alielewa. Mtu aliyeibiwa hacheki na mwizi wake. Akicheka, Mwenendo utauliza upya, na mgonjwa bado alikuwa kitandani, na funguo bado zilikuwa kiunoni mwa Gama.

"Nakutakia jioni njema, Bi Editruda," alisema Gama. "Ukihitaji taarifa zaidi utaletewa hapa nje."

Aliinamisha kichwa kwa adabu, akageuka, akarudi ndani. Editruda alibaki ameshika uzio. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake Mngoni kumheshimu.